Chipu haijui njiwa alipo, inajua alipopita

*Swali: "Nafuga njiwa 30 na kasuku mmoja. Mwaka huu nimepoteza njiwa wanne, sijui waliishia wapi. Nimeambiwa kuna chipu ndogo kama punje ya mchele, haina betri na haifi, zinaitwa RFID. Nataka kuwavisha ndege wote, nyingine nibandike kwenye funguo, begi na vifaa vyangu vya kazi, halafu nifungue simu nione kila kitu kilipo. Rafiki yangu anasema setilaiti inazisoma. Mke wangu anaogopa mionzi yake kwa ndege na kwa watoto. Je, ninunue za aina gani? Na kasuku naweza kumchoma mwenyewe?"*

Pole kwa njiwa wako wanne. Mfugaji anayewajua ndege wake kwa sura huhesabu jioni, akahesabu tena, na bado moyo unakataa kwamba kuna tundu lililobaki tupu. Naelewa kwa nini hiyo punje ya mchele imekuvutia. Lakini nisikuzungushe: ukinunua unachokieleza, utawavisha ndege wote, utafungua simu, na hutaona kitu. Chipu si mbovu, ila umeipa kazi isiyo yake.

Swali lako limefunga mzigo mmoja vitu vitatu: chipu ya RFID, kifaa cha GPS kinachojua kilipo kwa kusikiliza setilaiti, na vile vitambulishi vya Bluetooth vya kuning'iniza kwenye funguo. Vyote vinauzwa kwa neno lilelile, "kufuatilia", na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa.

Hebu tuipasue hiyo punje. Ndani ya kigamba cha kioo mna koili, yaani mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, na chipu yenyewe iliyobeba namba. Betri hamna kweli, na ndiyo maana inaweza kudumu kuliko ndege aliyeibeba. Lakini kisicho na betri hakina sauti yake chenyewe. Chipu imelala fofofo mpaka ifike karibu na kisomaji. Kisomaji kinapitisha umeme unaogeukageuka kwenye koili yake kubwa, na umeme huo unazaa uga wa sumaku. Uga ukipenya koili ndogo ya chipu, unaamsha humo umeme kidogo unaotosha kuiwasha. Chipu ikishaamka haipigi kelele. Inakaza na kulegeza mzigo wa umeme kwenye koili yake kwa mpangilio wa namba iliyobeba, na kisomaji kinahisi, kama wewe unavyoshika ncha ya kamba gizani ukajua kuna mtu ncha ya pili anaivuta na kuiachia.

Uga wa namna hiyo hufifia upesi mno. Ukishatoka jirani na koili, kila ukizidisha umbali mara mbili nguvu yake inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo pete ya mguuni iliyobeba chipu kama hiyo husomeka kwa sentimita chache, pengine kumi na kitu ukiwa na antena nzuri. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya vichwa vyetu. Mwambie rafiki yako kwa upole.

Tena afadhali umwambie na hili, maana ni kosa la wengi: setilaiti za GPS hazimtazami mtu wala mnyama yeyote. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa kilicho huku chini ndicho kinachosikiliza na kupiga hesabu ya kujua kilipo. Kikitaka kukuambia wewe jibu hilo, kitahitaji njia nyingine: mtandao wa simu, setilaiti ya mawasiliano, au kirudi mkononi mwako kisomwe. Yote hayo yanakula umeme, na umeme ni betri, na betri ni uzito mgongoni mwa ndege.

RFID yenyewe inajibu swali moja tu: nani kapita hapa, na saa ngapi? Na "hapa" ni pale ulipoweka antena. Ukilikubali hilo, utashangaa ni kiasi gani swali hilo dogo linaweza kukufaa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Njiwa naye azunguke atakakozunguka, akirudi atapita mlango uleule wa banda. Basi antena yako ikae mlangoni, si angani.

Wanaoshindanisha njiwa wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Njiwa anavaa pete yenye chipu, kwenye kizingiti cha banda kuna bamba lenye antena, na akitua tu saa yake inaandikwa bila mtu kumkimbiza kumvua pete kama zamani. Watafiti nao wameitumia kuliko unavyofikiri. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford huko Uingereza, ndege wadogo wa gramu 18 hivi walivishwa pete zenye chipu, na vilishio vikafungwa antena. Baadaye watafiti waliweka visanduku vya fumbo vyenye mlango unaosukumwa kushoto au kulia, wakawafundisha ndege wawili tu katika kila kundi namna moja ya kuufungua. Chipu ziliandika nani kaja, nani kafungua, kwa upande upi, na ujuzi ukaonekana ukisambaa kutoka ndege hadi ndege mpaka kufikia robo tatu ya kundi kwa wastani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hakuna aliyewafuata ndege hao porini. Walisubiriwa mlangoni.

Sasa, ununue ipi? Hapa nenda taratibu, maana chipu zote huitwa RFID na hazisikilizani.

Za wanyama hutumia masafa ya chini (masafa hapa ni kasi ya mtetemo wa mawimbi, si umbali), kilohezi 125 au 134.2. Zile za 134.2 zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 hubeba namba ya tarakimu 15, na tatu za mwanzo huonyesha nchi au mtengenezaji. Kundi la pili ni megahezi 13.56, ambamo mna kadi za benki, pasipoti na vitabu vya maktaba. Hizo ndizo simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma chipu kwa kuigusisha, inazozisoma. Kwa hiyo hata ukimgusisha njiwa kwenye simu, pete ya kilohezi 125 itanyamaza kimya. Simu haina koili ya masafa hayo. Kundi la tatu liko kati ya megahezi 860 na 960. Ni zile lebo nyembamba za nguo na makatoni, na zinasomeka kwa mita kadhaa. Utaniuliza mbona basi tusiwavishe njiwa hizo. Mwili wa ndege umejaa maji, na maji huyameza mawimbi ya masafa ya juu namna hiyo. Uga wa sumaku wa masafa ya chini hupita mwilini karibu kama hamna kitu. Ufupi wa mkono wake ndio bei ya kuaminika kwake.

Kwako wewe: pete za kilohezi 125 au 134.2, na kisomaji cha masafa yaleyale. Usichanganye. Na zikifika, zisome moja moja kabla ya kumvisha ndege yeyote na uandike namba zote daftarini, kwa sababu baadhi ya chipu za bei rahisi zinaweza kuandikwa upya, na mbili zikija na namba moja utakuwa na njiwa mwenye pacha wa kishetani: yuko ndani na nje kwa wakati mmoja.

Kujenga mlango ndiko kwenye kazi. Antena yangu ya kwanza niliifunga juu ya fremu ya chuma kwa sababu ilikaa vizuri na kupendeza. Sikusoma pete hata moja. Nilishinda siku mbili nikizilaumu pete, nikabadilisha waya, nikabadilisha kisomaji, kumbe ile fremu ilikuwa ikizaa mikondo yake ya umeme na kuuzima uga wote. Niliibandua, nikaipachika kwenye ubao, ikasoma palepale. Wavu wa waya nao hufanya uchawi huohuo. Tumia mbao au plastiki kuzunguka antena, na uache nafasi ya kutosha kabla chuma hakijaanza.

Kisha mfanye njiwa apite mmoja mmoja. Visomaji vingi vya masafa ya chini havijui kutenganisha chipu mbili zikiwa ndani ya uga pamoja. Njiwa wawili wakibanana mlangoni, mmoja atasomwa au hatasomwa yeyote. Kijia chembamba cha urefu wa mwili wa ndege kinatosha. Ukiweka antena mbili zilizofuatana, ya nje na ya ndani, utajua hata mwelekeo: aliyegusa ya nje kwanza anaingia. Antena moja haikupi hilo, na mfugaji anayebahatisha kwamba kila usomaji wa pili ni kutoka atajikuta na hesabu ya kichekesho wiki haijaisha, kwa sababu kuna njiwa anayependa kusimama kizingitini asubuhi nzima akisomwa mara mia. Pembe nayo ina maana. Koili ya pete ikisimama vibaya dhidi ya uga, chipu haiamki hata ikiwa karibu. Ndiyo sababu usomaji uliokosekana si ushahidi kwamba ndege hakupita. Nakuomba ulishike hilo kabla hujamlaumu paka wa jirani.

Je, yote haya yangekurudishia wale wanne? Hapana. Yangekuambia kitu kingine: kwamba fulani alitoka saa kumi na mbili na robo na hakurudi, na kwamba siku tano kabla alikuwa akichelewa kila jioni. Wanne wakipotea kwa mwezi saa ileile ya alfajiri, nitaanza kushuku mwewe au kipanga. Wakipotea mmoja mmoja baada ya kuchelewachelewa, nitashuku wamepata mwenza au banda jingine. Hayo ndiyo maarifa ambayo daftari la kuhesabu jioni halikupi.

Ukitaka kweli kujua alipo, hiyo ni GPS, na hapo mizani inaingia. Kanuni ambayo watafiti wengi wa ndege huifuata ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, na wengine huruhusu hadi 5. Njiwa wa gramu 400 kwa asilimia 3 anabeba gramu 12. Vipo vifaa vya GPS vyepesi kuliko hapo, na teknolojia hii imefanya maajabu: mwaka 2022 kinda la ndege wa pwani anayeitwa kitaalamu *Limosa lapponica*, likiwa na kitambulishi cha setilaiti cha gramu 5, liliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kilomita 13,560 kwa siku 11. Lakini kitambulishi kile kilifungwa na watu waliosomea kazi hiyo. Mkanda wa mgongoni ukikaza sana unachubua ngozi na kubana kifua. Ukilegea, bawa linanasa. Vifaa vyepesi zaidi huhifadhi tu safari ndani yake, hivyo ndege asiporudi na safari haikurudi. Vinavyotuma kwa mtandao wa simu ni vizito zaidi na vinahitaji kuchajiwa, kwa jua au kwa mkono wako. Kuvisha njiwa 30 vifaa hivyo ni kichaa kidogo, niseme ukweli. Kumvisha mmoja mwenye nguvu ili ujue kundi hupita njia gani, hilo lina akili, ukipata fundi wa kukuonyesha namna ya kumfunga.

Kwa waliopotea, chombo ninachokithamini kuliko vyote ni cha kizamani: pete ya kawaida yenye namba yako ya simu imeandikwa wazi. Aliyemwokota njiwa anaisoma kwa macho. Chipu inamhitaji mwokotaji mwenye kisomaji, na ni wangapi hao?

Kasuku ni habari nyingine, na hapa nakuwa mkali kidogo: usimchome mwenyewe. Ile chipu ya kioo huingizwa kwa sindano nene, kwa kawaida kwenye msuli wa kifua upande wa kushoto. Ndege ana mishipa ya damu humo, na mifuko ya hewa iko jirani. Matone machache tu ya damu ambayo mbwa asingeyahisi yanaweza kumwondoa ndege mdogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyezoea ndege. Atampima uzito kwanza, ataamua kama anafaa, ataisoma chipu kabla na baada ya kuiingiza. Ukiona baadaye uvimbe, bawa lililoning'inia, au kasuku anakaa amejivimbisha manyoya hataki kula, rudi siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na baada ya hapo sajili namba kwenye hifadhi ya kumbukumbu inayotumika nchini mwako, ukibadilisha simu ubadilishe na humo. Chipu ina namba tu, haina jina lako. Kasuku amepatikana, kasomwa, namba haijulikani ya nani: hilo hutokea. Kama ni kasuku wa kijivu wa Afrika, ujue pia yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na sehemu nyingi hutaka uthibitisho kwamba ndege huyu ndiye yule wa kwenye karatasi. Hapo chipu inalipa gharama yake.

Twende kwenye funguo na begi. Hivyo havina banda la kurudi, kwa hiyo RFID isiyo na betri haikufai. Unachotaka ni kitambulishi cha Bluetooth. Nacho hakijui kilipo! Kinanong'ona namba yake mfululizo kwa betri ndogo ya duara inayodumu mwaka hivi, na simu za watu wanaopita karibu hukisikia na kupeleka habari kwenye mtandao pamoja na mahali simu hizo zilipo. Kwenye watu wengi kinafanya kazi vizuri sana. Porini ni kipande cha plastiki. Mtu akikushauri umfunge njiwa kimoja, kumbuka kwamba AirTag, kitambulishi cha Apple, kwa mfano, ina gramu 11 na umbo la kifungo kikubwa, na juu ya mashamba matupu hakuna simu ya kuisikia. Pia usikifiche kwenye mzigo wa mtu mwingine: simu za kisasa humtahadharisha mtu anayefuatwa na kitambulishi kisicho chake, na ni haki yake.

Vifaa vya kazi viko katikati. Kama shida yako ni kuazimisha nyundo na drili na kusahau nani kachukua, bandika stika za megahezi 13.56, uzigusishe kwa simu wakati wa kutoa na kupokea. Kama ni vingi na vinapita mlango mmoja wa stoo, lebo za megahezi 860 hadi 960 zenye antena mlangoni zinaweza kusoma vingi kwa mpigo. Kwa vyovyote, juu ya chuma nunua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, zenye tabaka linalotenga chipu na bamba. Stika ya kawaida juu ya spana ni ile fremu yangu ya chuma imerudi.

Na sasa mama watoto. Mwambie hofu yake ni ya heshima ila imeelekea pasipostahili. Chipu iliyo mguuni mwa njiwa haitoi chochote saa zote 24 isipokuwa zile sekunde inapopita antena, kwa sababu haina nguvu ya kutoa. Uga wa kisomaji ni wa redio na sumaku, si ile mionzi ya eksirei inayoweza kuvunja chembe za uhai. Mtu mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo ndiye wa kumuuliza daktari wake kabla ya kukaa karibu na antena.

Madhara ninayoyaogopa mimi ni ya kushikika kwa mkono. Pete ndogo kwenye mguu wa kinda linalokua itazama kwenye nyama. Pete kubwa itanasa kijiti. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari ya pengwini wakubwa wa visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi, waliofuatiliwa miaka 10: wote walikuwa na chipu chini ya ngozi, nusu yao wakaongezewa bangili ya chuma kwenye bawa, kama ilivyokuwa desturi ya watafiti. Wenye bangili walipungukiwa asilimia 16 katika kuishi na kulea makinda pungufu kwa asilimia 39. Bangili ilikuwa nyepesi, ila kwa ndege anayeogelea kwa mabawa ilikuwa breki. Hivyo kila mwezi mshike kila njiwa, zungusha pete kwa kidole uone kama inacheza, tazama ngozi chini yake. Ikiwa mguu umevimba au pete haizunguki, usiivute wala kuikata kwa koleo peke yako. Mguu wa njiwa huvunjika kama kibiriti; mpeleke kwa daktari aikate.

Usiwavishe wote 30 mwezi huu. Chagua watano wenye tabia tofauti, yule mchelewaji awemo, jenga mlango mmoja wa mbao, kaa karibu nao jioni kumi na daftari ukilinganisha unachokiona na kinachoandikwa na kisomaji. Kikikosa mmoja kati ya kumi, sogeza antena au bana kijia. Kikiwapata wote watano kila jioni, agiza pete 25 zilizobaki. Ndege wa porini akiingia bandani mwako, huyo mwache bila pete, maana kuwatia alama ndege wa porini kwa kawaida huhitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori.